Binti akilia kwa simu kutoka Gatina, usimwambie asubiri



Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliolewa na kijana wa huku huku Pwani aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Wakapanga chumba Gatina, kule Kawangware, katika ploti ya mabati yenye vyumba kumi na viwili, choo kimoja na bomba moja. Mara ya kwanza aliponipigia simu akilia, nilimwambia maneno ambayo wajomba wengi wa Pwani tumeyahifadhi: subiri mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Mara ya pili nilimwambia vivyo hivyo, nikamtajia na nyanya yake aliyekaa na babu miaka arubaini. Mara ya tatu hakupiga yeye. Alipiga jirani yake, mama mmoja muuza mandazi ambaye sikuwahi kumjua.

"Baba," akaniambia kwa Kiswahili chao cha Nairobi, "kama unamtaka huyu msichana akiwa mzima, kuja umchukue. Jana usiku amemnyonga mpaka akajikojolea."

Mama yule alisikia kupitia ukuta wa mabati. Hakupiga mayowe. Alichukua bakuli tupu, akabisha mlango, akaomba kuazima unga, na akakataa kuondoka mpaka mlango ulipofunguliwa. Bwana yule alipomwona mgeni mlangoni akaona haya, akamwachia mkewe. Usiku huo huo nikapanda basi, na alfajiri nikawa kwenye matatu ya 46.

Alhamdulillahi mpwa wangu yu hai. Nina diploma ya maendeleo ya jamii niliyoitundika ukutani, na haikunizuia kusema upuzi kwenye simu mara mbili. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza mawakili na wauguzi, na nimekaa na kina mama wa Gatina na Kibera wanaoyaona haya kila wiki. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo lau ningeyajua mapema, nisingemwambia asubiri.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15. Mwisho wa Oktoba 2024 polisi walitangaza kuwa wanawake 97 walikuwa wameuawa nchini katika miezi mitatu tu. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au watu wa familia zao, yaani kama 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyobeba wengi zaidi, 21,700. Januari 2024 watu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine wakisema basi. Januari 2025 serikali ikaunda jopo chini ya Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, kuangalia mauaji haya.

Hesabu hizo tunazisikia kwenye redio, tunasema innalillahi, tunaendelea na chai. Jambo ambalo hatulitazami ni njia iliyomfikisha marehemu pale. Huwa tunasema "alipandwa na hasira", kana kwamba hasira ni radi. Waliochunguza vifo hivi wanasema vingine.

Kabla ya kofi la kwanza

Nilipokaa na mpwa wangu na kumwuliza mambo yalianzaje, hakuanza na kupigwa. Alianza na simu. Mume alitaka kujua nambari yake ya siri ya Mpesa, akasema mke na mume hawafichani. Kisha akamwachisha kazi ya kushona madera aliyokuwa akifanya karibu na soko la Kawangware, akasema mafundi wa pale ni wahuni. Kisha kila shilingi ya sukuma na mafuta ikawa ya kuhesabiwa jioni. Akienda bombani akichelewa, anapigiwa simu ya video aonyeshe alipo. Darsa ya kina mama ya Jumamosi ikakatazwa. Mwisho akaambiwa sisi jamaa zake tunamcheka nyuma ya mgongo wake, na yeye akaamini, kwa sababu nilikuwa nimeshamrudisha mara mbili.

Kila moja ya hayo ukilichukua peke yake ni jambo dogo. Sisi wenyewe tungesema ana wivu, anampenda. Ukiyaweka pamoja ni mtu aliyezungushiwa ukuta, hana pesa, hana kazi, hana wa kumwambia. Huu ndio udhibiti wa kimabavu. Mtaalamu wa Marekani, Evan Stark, aliuandikia kitabu mwaka 2007 akieleza kuwa madhara makubwa aghalabu yako katika kumnyang'anya mtu uhuru wake wa kila siku, kuliko katika kipigo chenyewe. Uingereza iliufanya kuwa kosa la jinai mwaka 2015.

Na sisi je? Mwaka huo huo wa 2015 Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, na wengi hatujui yaliyomo. Sheria ile haikutaja kipigo peke yake. Imetaja kumnyima mtu pesa na mali, kumtesa kwa maneno na kwa nafsi, kumtisha, kumwandama, kumfungia nje ya nyumba, ndoa za utotoni na za kulazimishwa, hata kuingiliwa na wakwe. Na imesema jambo ambalo laiti ningelijua: kwamba mambo kadhaa yanayofuatana yanaweza kuwa ukatili hata kama kila moja likitazamwa peke yake linaonekana dogo. Sheria hiyo inawahusu walio na cheti cha ndoa na wasio nacho, waliochumbiana, walioachana, wanaoishi pamoja tu, na wenye mtoto pamoja. Katika ploti za Gatina hilo ni jambo kubwa, maana wengi wamekaa pamoja bila shehe wala padri.

Dalili zinazotangulia kifo

Profesa wa Kimarekani, Jacquelyn Campbell, muuguzi kwa taaluma, amekuwa akichunguza tangu miaka ya themanini ni wanawake gani wanaopigwa ambao mwishowe huuawa. Utafiti wake mkubwa uliohusu miji 11 ulitoka mwaka 2003. Mtu akitishia kuua, achukuliwe kuwa anasema kweli. Silaha ndani ya nyumba inaongeza hatari. Kule kwao ni bastola, kwetu tuulize panga linalazwa wapi. Mwanamke akiwa na mtoto wa mume mwingine ndani ya nyumba hiyo, hatari inapanda. Mume kupoteza kazi, kumlazimisha mke tendo la ndoa, kumpiga akiwa mjamzito, kumfuatafuata, kusema atajiua: yote yamo. Anayesema "nitajiua niwaue na watoto" hafanyi mzaha wala si wa kuonewa huruma tu. Watoto hufa katika nyumba hizi pia, na mara nyingine muuaji hujimaliza mwenyewe, jamaa wakabaki na makaburi matatu au manne ya kuchimba.

Nataka nikae kidogo kwenye kukabwa koo, kwa sababu ndiko tunakokudharau zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenziwe uwezekano wa kuja kuuawa naye huongezeka zaidi ya mara saba. Na mara nyingi shingoni hakuna alama. Mpwa wangu hakuwa na alama. Sauti ilikuwa imekwaruza kama mwenye mafua, alikuwa akimeza mate kwa taabu, na ndani ya jicho moja kulikuwa na damu kidogo. Dada yangu alisema atapata afueni kwa tangawizi. La, hasha. Aliyekabwa koo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anasema yuko sawa, maana koo linaweza kuvimba au mshipa ukaziba baada ya saa nyingi, hata siku. Na amwambie daktari waziwazi "nimekabwa koo", asiseme "nimeanguka".

Sasa lile lililonitisha kuliko yote. Wakati wa hatari kubwa kabisa ni pale mwanamke anapoondoka au anaposema ataondoka. Mtafiti wa Uingereza, Jane Monckton Smith, alichambua mauaji 372 ya wapenzi, mwaka 2019 akaeleza hatua nane zinazofuatana, kuanzia historia ya mwanamume kabla ya uhusiano hadi mauaji yenyewe. Katikati ya hatua hizo kuna tukio linalotishia udhibiti, na aghalabu tukio hilo ni kuachwa. Baada yake mtu huanza kuwaza, kisha kupanga. Hasira ya ghafla haionekani hapo.

Tuna mifano karibu. Agnes Tirop, mwanariadha aliyeshinda shaba mbili za mita 10,000 katika mashindano ya dunia, alikutwa ameuawa kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021 akiwa na miaka 25. Mumewe alikamatwa kesho yake hapa kwetu Changamwe, akashtakiwa na akakana mashtaka. Wanariadha wenziwe wakaanzisha kikundi cha Tirop's Angels, na wengi wakaanza kusema hadharani jinsi wanaume wanavyoshika pesa za zawadi na kuandikisha mashamba kwa majina yao. Septemba 2024 ikawa zamu ya Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathon ya Olimpiki Paris mwezi uliotangulia. Walikuwa wameshaachana na bwana yule, wakigombania shamba kule Trans Nzoia. Alimwagiwa petroli na kuchomwa tarehe 1, akafariki tarehe 5 katika hospitali ya Eldoret. Familia yake ilisema walikuwa wameripoti kwa polisi kabla. Hawa walikuwa na medali, pesa na majina. Fikiria binti anayeuza karanga Gatina.

Baraza letu

Hapa najua wengine watanuna. Sisi Pwani tuna ada nzuri ya kusuluhisha. Mke akirudi kwao, wazee wanamwita mume, wanakaa mkekani, chai inatoka, kila mmoja anaombwa aseme yake, yule bwana anaomba radhi, binti anapewa wasia, anapandishwa basi. Mimi nilikaa kwenye baraza kama hilo. Nilimwuliza mpwa wangu mbele ya mumewe: "Hebu sema, mwanangu, amekukosea nini?" Akasema, "Hakuna, mjomba." Sote tukashukuru. Angejibu nini, na usiku ule ule angelala naye chumba kimoja?

Dini haikutufundisha hivyo. Surat an-Nisaa imeelekeza wasuluhishi wawili, mmoja upande wa mume na mmoja upande wa mke. Maana yake yuko mtu wa upande wake anayemsikiza peke yake. Na Qur'ani imekataza kumshikilia mke kwa nia ya kumdhuru. Mke wa Thabit bin Qays alipomwendea Mtume (s.a.w.) akasema hawezi kuendelea kukaa na mumewe, hakuambiwa avumilie. Aliulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akarudisha, akaachwa. Huyo hata hakulalamikia tabia ya mumewe. Makadhi wetu, ambao Katiba kifungu cha 170 imewapa mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, wanavunja ndoa kwa sababu ya madhara, na mke haitaji ruhusa ya mume kufungua kesi hiyo.

Suluhu ni ya watu waliokosana. Mtu aliyemkaba mwenziwe koo, au aliyetishia kuua, hakukosana naye. Wazee wakitaka kuzungumza na bwana kama huyo wazungumze naye mbali na mke, binti akiwa ameshafika mahali salama. Na asiambiwe yuko wapi. Sisi tulimwambia, kwa adabu zetu.

Kuna jingine ambalo halisemwi: mahari. Baba anaogopa kudaiwa, mama anaogopa maneno ya harusini. Nimesikia baba mzima akisema hana pa kumweka binti na wanawe watatu. Chumba kinapatikana, jamani.

Kuondoka bila kutangaza

Akiamua kutoka, asitangaze. Asiseme kwa hasira "kesho naenda zangu". Vitu viondoke kidogokidogo: kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, cheti cha nikahi, kadi za kliniki, nguo mbili tatu, viwekwe kwa jirani wa kuaminika. Nambari ya siri ya Mpesa ibadilishwe siku ya kuondoka, si wiki moja kabla, maana mume atagundua. Nauli itumwe kwa simu ya mtu mwingine. Akubaliane na mtu mmoja neno la siri. Sisi tulitumia "nitumie uzi mweupe". Aondoke mume akiwa kazini, na watoto wake, na simu izimwe kile kinachoonyesha mahali ilipo. Tena afuatiliwe kwa miezi kadhaa, kwani hatari haimaliziki kwa kuvuka Mtito Andei.

Nambari 1195 ni ya bure na inapokea kesi za ukatili wa kijinsia mchana na usiku. Ya watoto ni 116. Polisi ni 999 au 112. Kituoni ahakikishe tukio limeandikwa na amepewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo ni kama hakwenda. Fomu ya P3 ni ya bure. Sheria inamlazimu polisi kumweleza haki zake na kumsaidia apate matibabu na mahali pa kujihifadhi, na mlalamikaji anaweza kuomba maelezo yake yachukuliwe na askari wa jinsia yake. Katika kituo kimoja mpwa wangu aliambiwa arudi nyumbani wakazungumze. Ikitokea hivyo, omba kuonana na mkuu wa kituo, au piga 1195 ukiwa umesimama pale pale kaunta. Kama amelazimishwa tendo la ndoa, afike hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na asioge kabla.

Kisha kuna amri ya ulinzi, na hii ndiyo watu hawaijui. Huombwa mahakama ya hakimu.  Hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata mume hajaitwa, akimkataza asimkaribie, asimpigie simu, asifike kazini kwake, na hata kumwamuru ahame nyumba abaki mke na watoto. Kuivunja ni kosa. Ni karatasi tu, ndiyo, haizuii panga. Lakini inampa askari sababu ya kumkamata mtu kabla damu haijamwagika. FIDA husaidia wanawake wasio na wakili. Kwa walio huku kwetu, Hospitali Kuu ya Pwani imekuwa na kituo cha waathiriwa tangu 2007, na Mahakama ya Shanzu ilipata mwaka 2022 kitengo maalumu cha kesi za ukatili wa kijinsia.

Majirani nao wasidhani kazi yao ni kuvunja mlango. Bakuli la unga latosha. Watu wawili watatu wakibisha pamoja ni bora zaidi, wakiwa na kisingizio chochote: maji yamekatika, mtoto anaumwa, stima inachezacheza. Na wapige simu polisi wakiwa nje, mbali na dirisha.

Uingereza, tangu mwaka 2011, mtu akiuawa na jamaa yake ni lazima kikao kikae kuuliza ni nani aliyejua, alijua lini, na alifanya nini: hospitali, polisi, shule, familia. Kwetu tunauliza nani aliua. Nimejiuliza mara nyingi, lau mama wa mandazi asingebisha mlango ule, kikao kama hicho kingeniandika vipi mimi.

Mpwa wangu ameachwa na kadhi, anashona tena. Yule bwana bado yuko Nairobi. Mwezi wa Shaaban uliopita mzee mmoja kutoka upande wa Kilifi alinipigia simu, akajitambulisha, akasema kijana huyo ameposa kwake, na amesikia aliwahi kuoa kwetu. Je, ni mtu wa namna gani? Nilinyamaza kidogo. Tumelelewa kustiri, na kusengenya ni dhambi. Kisha nikamkumbuka Fatima bint Qays, aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu wanaume wawili waliomposa, naye akamweleza wazi kwamba mmoja wao ni mwepesi wa kupiga wanawake, akamshauri aolewe na mtu wa tatu. Hadithi hiyo iko kwa Imamu Muslim, na wanazuoni wameitumia kueleza kuwa kumwonya anayeuliza habari za posa si kusengenya.

Nikamwambia mzee yule akae chini, kisha nikamweleza habari ya koo.